Hongo ya Maji: Habari za Bonde la Bahi

Halmashauri ya Jubilei ilipotugawia kazi ya kuandika kijitabu hiki, wengine walipewa habari za makanisa, wengine habari za shule na za masista, na sisi tukapewa njia. Tuliambiwa tuandike juu ya ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hata Unyanyembe, ambayo kwayo wamisionari wa kwanza waliingia katika nchi yetu mwaka wa 1878. Tukasema moyoni, kazi hii ni nyepesi. Vitabu vipo, na wazee wa Tabora wangali wakisimulia waliyoyasikia kwa babu zao. Tutakaa mezani siku tatu, nayo itakwisha.

Walakini tulipoanza kuandika tulikwama katika neno moja, nalo ni hongo. Wazungu walioandika habari za njia ile wameilalamikia mno hongo ya Ugogo. Nasi tulipokuwa watoto shuleni tulifundishwa vivyo hivyo, ya kuwa Wagogo walikuwa wanyang'anyi wa njiani, waliowazuia wafanya biashara na watu wa Injili mpaka walipwe nguo na shanga. Mwalimu wetu alichora ubaoni mtu mwenye mkuki amesimama mbele ya padre mwenye ndevu, nasi watoto wa Kinyamwezi tukacheka sana, kwa kuwa babu zetu ndio waliokuwa wapagazi, na yule mwenye mkuki tulimhesabu kuwa adui yao pia. Sasa tulipotaka kuyaandika maneno yale yale kwa ajili ya watoto wengine, mwenzetu mmoja, aliye mwalimu wa shule ya msingi, akatuuliza, "Je, nchi yenyewe mmekwisha kuiona?" Tulikuwa tumeipita mara nyingi, usiku, tumelala garini. Basi tukaondoka watu watatu, makatekista wawili na mwalimu huyo, mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, tukapanda garimoshi la reli ya zamani kwenda Bahi.

Safari hiyo ni kuirudia njia ya wazee kinyumenyume. Utapita Igalula, Goweko, Nyahua, Malongwe, hata Tura. Jina la Tura ni la kale, tena lina maana: kwa Kinyamwezi ni kama kusema, "Tua mzigo." Msafara uliotoka pwani ukifika Tura ulikuwa umekwisha kulivuka pori lililoitwa Mgunda Mkali, yaani shamba kali, ukatua mizigo na kununua chakula. Burton na Speke walipitia huko mwaka wa 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley alipopita mwaka wa 1871 alikuta Wakimbu wamefyeka sehemu za pori lile na kulima, hata njaa ikapungua. Naye kutoka mpaka wa Ugogo hata Kwihara, alikofika tarehe 23 Juni, alitembea majuma mawili na zaidi. Sisi tulilivuka kwa muda wa saa chache tukila karanga.

Baada ya Manyoni, kwenye Saranda, reli inashuka ukingo wa Bonde la Ufa, na nchi yote inageuka. Miti ya miombo inakwisha. Inaanza miiba na mibuyu, na ardhi nyekundu isiyo na jani. Mbele kuna bonde pana, tambarare kama sakafu, na katikati ya bonde hilo mto Bubu. Mto huu hutoka upande wa Kondoa, hushuka hata Bahi, na hapo huishia. Hauna njia ya kwenda baharini. Mvua ikiwa njema, bonde hugeuka ziwa, na watu huvua kambale. Mvua ikikosa, hubaki tope lililopasuka na weupe wa chumvi pembezoni. Sehemu hizo za Dodoma kwa wastani hazipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, tena yote huja kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo.

Bahi wenyewe ni mji mdogo wa wakulima. Tangu mwaka wa 2007 ni makao ya wilaya, na reli mpya ya umeme inapita karibu yake, walakini hali yake bado ni ya shamba: maduka machache, mashine za kukoboa mpunga, ng'ombe wakikatiza barabara. Mpunga ndio uliotushangaza. Katika nchi kavu namna ile watu huyakinga maji ya Bubu yanapokuja, huyaingiza katika majaruba, na kuvuna mchele unaouzwa Dodoma na mbali zaidi. Kando ya majaruba, mahali maji yasipofika, ni uwele na mtama tu.

Katekista wa pale alitupokea kwa furaha, akatupeleka kwa mzee mmoja anayejua habari za kale. Tulimkuta ameketi chini ya mbuyu. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akajibu, "Marahaba. Mbukwenyi." Akauliza tunatoka wapi. Tukasema, "Tabora, mzee. Sisi ni Wanyamwezi." Akanyamaza kidogo, akatutazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia katekista akasema, "Hawa wamekwisha kulipa hongo?"

Wote waliokuwapo wakacheka, nasi tukacheka, maana Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Walakini mwalimu wetu hakuuacha utani ule upite bure. Akamwambia, "Babu, tumekuja kwa neno hilo hilo. Hongo ilikuwa ya nini?" Mzee hakujibu. Akasimama, akachukua fimbo yake, akasema, "Twendeni mkanywe maji."

Mjini siku hizi kuna visima virefu na mabomba, lakini hakutupeleka huko. Alitupeleka mtoni. Mto Bubu mwezi wa Oktoba ni mchanga mtupu. Mtu aweza kuuvuka asijue kuwa amevuka mto. Katika mchanga ule wafugaji walikuwa wamechimba mashimo, mengine marefu kupita kimo cha mtu, na kila shimo limezungushiwa miiba ili ng'ombe wasiangukie ndani. Chini kabisa alikuwamo kijana mwenye kata. Maji hayakujaa, yalikuwa yakichuruzika polepole kutoka mchangani, naye alingoja, akateka kata moja, akamimina, akangoja tena. Tuliangalia saa: ndoo moja ya lita 20 ilichukua karibu nusu saa. Mzee akasema mashimo hayo kila mwaka hufukiwa na mafuriko, na kila mwaka sharti yachimbwe upya, na mwenye shimo ni yule aliyechimba, pamoja na ng'ombe wake na jirani zake.

Mwalimu akachukua kijiti akaandika hesabu mchangani. Akasema, tufanye msafara mmoja wa watu 500, maana misafara ya ukubwa huo ilipita. Kila mtu amechukua mzigo wa frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32, ametembea tangu alfajiri katika jua hili. Mpe lita tatu tu, za kunywa na za kupikia. Hizo ni lita 1500, nazo ni ndoo 75. Katika shimo moja la namna hii ndoo 75 zataka saa 37 na nusu, usiku na mchana, bila ng'ombe hata mmoja kunywa. Hata mashimo yakiwa kumi, yatakaliwa kwa muda wa karibu saa nne. Na kesho yake huja msafara mwingine.

Tulisimama pale tukiitazama hesabu ile, wala hakuna aliyesema neno. Ndipo mzee akasema, "Sasa mmeiona hongo."

Wasomaji wapenzi, tuliporudi tulivisoma tena vitabu vile vile, tukaona maneno tuliyokuwa tumeyaruka. Ugogo haukuwa na mfalme mmoja. Kila nchi, kama Mvumi, Kanyenye au Mdaburu, ilikuwa na mtemi wake, na kazi kubwa ya mtemi ilikuwa kuilinda nchi na kuitafutia mvua. Mgeni alipofika alipiga kambi, akatuma watu kwa mtemi, wakajadiliana siku moja, mbili, hata tatu. Walipopatana, msafara ulitoa nguo za merikani na kaniki, shanga na masango. Mtemi hakula peke yake, bali wazee nao walipata fungu lao. Baada ya hapo ruhusa ilikuwa imetolewa: wageni wakateka maji, na wanawake wakaleta kambini mtama, uwele, maziwa, mbuzi na asali, kikawa soko. Aliyelipa hongo alipita salama. Njia ilikuwa ile ile mwaka baada ya mwaka, tena wapagazi wetu wa Kinyamwezi waliichagua kila kiangazi, kisha wakarudi makwao kulima mvua zilipokaribia. Kama ingalikuwa pango la wanyang'anyi, wangaliichagua?

Hatusemi ya kuwa watemi wote walikuwa watu wa haki. Wengine walizidisha, wakamkawiza mgeni makusudi mpaka chakula chake kikwishe, wakatafuta visingizio vya kutoza faini. Biashara ikikua, tamaa hukua nayo, na hilo halikuwa la Wagogo peke yao. Tajiri wa pwani aliyelia kwa ajili ya doti kumi za nguo alikuwa akienda kununua pembe za ndovu kwa bei ya kicheko. Walakini kuna kisa kimoja kinachoonyesha hongo ilinunua nini. Stanley aliporudi mara ya pili, aliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, na alipofika upande wa magharibi wa Ugogo aliiacha njia kuu, akakata kaskazini kuelekea Nyanza. Hakuikimbia hongo tu, alitafuta njia fupi pia. Viongozi wake wakatoroka, msafara ukapotea porini, watu wakafa kwa njaa. Akachukua sanduku la chuma, akamwaga vitu vilivyokuwamo, akapikia humo uji wa unga wa shayiri aliokuwa nao kidogo, akawagawia watu wake vijiko kwa vijiko. Mwezi wa Januari 1875 Mwingereza mmoja wa msafara wake, Edward Pocock, alikufa huko kwa homa. Hapakuwa na mtemi wa kumdai nguo katika pori lile, wala hapakuwa na mtama wa kununua.

Na sasa tuje kwa wageni wetu wenyewe. Mapadre Weupe wa kwanza walikuwa kumi, mapadre na mabruda pamoja. Walitoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wengine wakielekea Tanganyika na wengine Nyanza, wakafika Tabora mwezi wa Septemba. Hata hivyo kumi hawakufika. Padre Pascal, aliyewekwa kuwa mkubwa wa misioni ya Tanganyika, alifariki njiani kwa homa mwezi wa Agosti, asiione Tabora wala ziwa. Jina lake tunalitaja kila mwaka, na ni haki. Livinhac na Lourdel tunawataja, kwa maana walikwenda wakaifungua misioni ya Uganda. Lakini wapagazi waliobeba sanduku la misale, divai, nguo za altare na dawa hawatajwi. Na aliyechimba shimo mtoni, akasimama ndani tangu usiku ili watu wale wote wapate maji, hatajwi hata kwa kabila lake, ila kwa kulaumiwa. Katika orodha ya wafadhili iliyotayarishwa kwa ajili ya Jubilei hii, tuliyoisoma kwa uangalifu, wamo watu wa Ufaransa na Uholanzi, wamo Wahindi wa dukani na wakulima wa Unyanyembe waliotoa viwanja. Hamna Mgogo hata mmoja.

Njia ile ilipitisha na mengine, nayo ni vigumu kuyaandika. Watu wenye minyororo na makongwa shingoni walishushwa kwa njia hiyo hiyo kwenda pwani, na mashimo yale yale yaliwanywesha wao na waliowafunga. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini njiani biashara hiyo haikukoma siku ile. Watoto waliokombolewa na mapadre wakalelewa Kipalapala, kabla ya kituo kile kuachwa mwaka wa 1889, wengi wao walikuwa mabaki ya biashara hiyo. Tulimwuliza mzee kama babu zake walisema lo lote juu ya watu wa minyororo. Akasema, "Walisema walikuwa wakinywa sana." Zaidi ya hayo hakusema, nasi hatukumwuliza tena.

Hongo ilikwisha kwa bunduki. Mwaka wa 1890 Mdachi Karl Peters alipopita Ugogo alidaiwa, akakataa, akapigana, akachoma vijiji. Baadaye serikali ya Kidachi ikajenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa bonde, na watemi wakaacha kutoza kwa kuwa sasa wao ndio waliotozwa. Miaka ile ile sotoka iliua ng'ombe karibu nchi zote za Afrika ya Mashariki. Kisha ikaja reli: ilifika Dodoma mwaka wa 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, na njia ya miguu ikaota nyasi. Kilimatinde, uliokuwa mji mkubwa wa njia, ukaachwa pembeni juu ya mlima wake. Bahi, uliokuwa mashamba, ukapata stesheni.

Mtu angedhani kwamba reli ilikomesha njaa. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika, Wadachi walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume kuwa wapagazi; Waingereza walioingia Dodoma mwezi wa Julai 1916 wakachukua tena yaliyosalia. Mvua ikakosa. Wagogo huiita njaa ile Mtunya, nayo ilidumu tangu 1918 hata 1920, ikaua maelfu kwa maelfu. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo mwenye kalamu, ambaye kitabu chake cha historia na desturi za Wagogo kilichapwa mwaka wa 1954, alizaliwa mwaka wa 1917, karibu tu na mwanzo wa mambo hayo. Mzee wa Bahi anaijua Mtunya kwa mama yake. Tulipomsikiliza tulifahamu ya kuwa askari wa serikali zote mbili waliteka maji na kula nafaka katika bonde lile kwa miaka mitatu, na hao hawakulipa hata ushanga mmoja. Hatujakisoma kitabu kinachowaita wanyang'anyi.

Kwa hiyo tunaiomba Halmashauri kwa heshima neno moja. Siku ya Misa ya kuwakumbuka marehemu wa njia, pamoja na Padre Pascal na wamisionari wote waliokufa safarini, waombewe wapagazi, na watu wa Ugogo waliowanywesha. Nasi walimu wa dini tuacheni kulifundisha neno hongo kwa kicheko. Watoto wa Tabora hawajapata kungoja nusu saa kwa ndoo moja. Mwelezeni mtoto jambo hilo kwanza, ndipo mtaje nguo na shanga.

Tulilala Bahi siku mbili. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na usiku vijana walipiga zeze wakaimba mpaka mwezi ukazama. Siku ya kuondoka mwalimu wetu alikwenda dukani asubuhi akanunua kanga, akaileta kwa mzee ikiwa imekunjwa. Akamwambia, "Babu, tumeleta hongo. Ni doti moja." Nasi tulishtuka kidogo kulisikia neno lile, kwa kuwa mama zetu hununua kanga kwa doti kila sikukuu, wala hatukuwa tumekumbuka ya kuwa ndicho kipimo kile kile ambacho babu zetu walimhesabia mtemi.

Mzee akaikunjua kanga juu ya mkeka. Akaweka kiwiko chake kwenye pindo, akanyosha kidole, akapima mkono mmoja, wa pili, wa tatu, polepole, watu wote wakimtazama, na doti ya kale ilikuwa mikono minane. Alipofika mwisho akainua kichwa, akasema imepungua mkono mmoja na kitu, na ya kuwa Wanyamwezi ni wale wale. Mkono uliopungua tutaulipa siku tutakaporudi. Kisha akamwita mjukuu wake, akamtuma atuletee maji ya njiani.